Dhehebu la Wengine

Juzi niliingia kwenye duka la vitambaa hapa Tabora mjini, namtafutia binti yangu kitambaa cha sketi ya shule. Mwenye duka alikuwa ametoka kufukiza udi. Moshi ulikuwa bado unaelea juu ya majora, na kabla sijafungua mdomo kumwamkia yule mama, nikaona wivu. Sijakosea neno. Haikuwa huzuni, wala sikuwa nimekumbuka kitu bado. Kwanza ulikuja wivu, mkavu, wa kifuani, kama vile mimi ni mtoto na mwenzangu amenipita akiwa na kitu kizuri mkononi. Kumbukumbu zilifuata baadaye, nikiwa nimeshatoka nje na mfuko wangu, nimesimama juani huku bodaboda wananiuliza ninakwenda wapi.

Tulihamia Tabora tukitokea Usinge. Baba alikuwa karani wa mizigo stesheni, na reli ndiyo iliyoamua tuishi wapi. Usinge kila mtu niliyemjua aliabudu nasi kanisa moja la Moraviani, au hivyo ndivyo nilivyodhani, maana mtoto hudhani wanaopita mlangoni kwao ndio dunia nzima. Sikujua kwamba sisi tuna dini. Nilijua tu kwamba Jumapili tunaoga mapema.

Tabora tulipanga vyumba kwenye mitaa ya zamani, ile iliyokaliwa na wafanyabiashara tangu misafara ilipokuwa inapita kwenda Ujiji. Nyumba zilikuwa ndefu, kuta nene za udongo zilizopakwa chokaa, baraza mbele, na milango mizito ambayo mtoto aliifungua kwa bega. Shule ya serikali ilikuwa mwisho wa mtaa. Siku ya kwanza nilikalishwa dawati moja na msichana anayeitwa Tausi, binti wa Mzee Sefu, fundi baiskeli. Alinisogezea nafasi, akanitazama miguu, akaniuliza kama kwetu kuna simba. Nikamwambia wapo wengi. Tukawa marafiki papo hapo.

Tausi hakuwa mzuri kunizidi, wala hakuwa na akili kunizidi. Hesabu nilikuwa nampa mimi. Lakini ilipofika Ijumaa aligeuka mtu mwingine. Mama yake alikuwa na desturi ya kuzifukiza nguo Alhamisi jioni. Aliziweka juu ya tenga lililofunika chetezo, udi ukapenya kila uzi. Ijumaa Tausi aliingia darasani na ushungi mweupe uliopigwa pasi mpaka ukasimama wenyewe, na alipokaa harufu ile ilikaa katikati yetu kama mtu wa tatu kwenye dawati. Mimi nilinukia sabuni ya mche na moshi wa kuni. Nilikuwa nasogea kidogo kidogo ili bega langu liguse lake, nikitumaini harufu itahamia kwangu. Haikuhamia.

Na Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kipindi cha dini. Nakumbuka vizuri mara ya kwanza. Baada ya mapumziko mwalimu wa zamu alisimama kwenye ngazi, akapaza sauti: "Waislamu, darasa la nne! Wakatoliki, darasa la sita! Wengine, mbaki uwanjani!" Watoto walikimbia kila mmoja akijua anakokwenda. Tausi aliniachia mkono. Ndani ya muda mfupi uwanja ukawa mtupu, tukabaki watoto wachache tunatazamana: kaka mmoja Msabato, mapacha wa kilokole, binti mdogo wa darasa la pili aliyeitwa Debora, na mimi. Mwalimu akatuonyesha bustani ya maua. "Nyinyi Wengine, ng'oeni majani."

Basi nikaelewa. Kulikuwa na Waislamu, kulikuwa na Wakatoliki, na kulikuwa na Wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yetu. Sikuona ajabu yoyote, kwa kuwa mwalimu alilitamka jina hilo kwa sauti ile ile aliyotamkia yale mawili. Nilichoona ni kwamba dini yetu ilikuwa mbaya kuliko zote. Haikuwa na mwalimu, haikuwa na darasa, haikuwa na nguo. Ibada yake ilikuwa kung'oa majani.

Baadaye nilikuja kujua kwamba zamani alikuwepo mwinjilisti aliyekuja kufundisha, akahamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yake. Watoto hawaambiwi mambo kama hayo. Mimi nilichuchumaa kwenye bustani, kucha zimejaa udongo, huku madirisha ya darasa la nne yakimwaga sauti. Maalim alikuwa anawafundisha kasida kwa ajili ya Maulidi. Walianza polepole, dufu likaingia, kisha wasichana wakapandisha, na katikati ya sauti zote zile nilisikia ya Tausi, nyembamba, ikipanda mahali ambapo mimi sikualikwa. Roho iliniuma hasa. Niling'oa majani na maua yake.

Wivu wa mtoto hauna adabu. Unataka kila kitu kwa pamoja. Nilitaka ushungi. Nilitaka kasida. Nilitaka juzuu aliyoibeba kifuani, hata kuiweka chini ilikuwa mwiko. Zaidi ya vyote nilitaka zile herufi. Niliamini kabisa kwamba ni maandishi ya siri, kwamba ukiyajua unazungumza na Mungu moja kwa moja bila wakubwa kusikia, na ndiyo maana yaliandikwa kuanzia mwisho wa mstari kurudi mwanzo, ili asiyehusika apotee njia. Nilimsihi Tausi anifundishe. Alikataa kwa muda, akifurahia kukataa, kisha siku moja tukiwa nyuma ya vyoo akachora kwenye mchanga kwa kijiti.

"Hii alifu. Imesimama tu. Hii bee, ina nukta chini. Hii tee, nukta zake juu."

"Na jina langu?"

Alifikiri sana. Jina langu, Nyamizi, lilimshinda. "Hilo haliandikiki," akasema. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna. Hata jina langu lilikuwa la Wengine.

Ile kasida, hata hivyo, niliipata yote kwa kuisikiliza bustanini. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo uani, nikaiimba mpaka mwisho, nikipigia sinia badala ya dufu. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya kwaya mkononi, anajiandaa kwenda mazoezi. Mama yangu hakuwa mtu wa kugomba. Alipochukia alihamia kwenye Kinyamwezi, na alipoumia alinyamaza. Siku ile alinyamaza, kisha akauliza kwa Kiswahili, taratibu:

"Wimbo mzuri. Umefundishwa na nani?"

"Nimesikia tu shuleni."

"Na nyimbo zetu, zimekukosea nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba nyimbo zetu hazinukii? Alijifunga kanga, akaenda mazoezi, na aliporudi hakuuliza tena. Lakini niliona tangu siku ile kwamba alikuwa ananisikiliza nikiimba, kama mtu anayesikilizia hodi mlangoni.

Muhula uliofuata akaja mwalimu mgeni, Mwalimu Jonasi, kijana mwenye bidii, viatu vyake vikimetameta hata wakati wa vumbi. Alipopata zamu yake ya kwanza aliamua gwaride la asubuhi lifunguliwe kwa sala. Alisema mstari, nasi tukaurudia kwa sauti, na mwishoni akasema tuombe kwa jina la Yesu, wote tuseme amina. Nilifurahi jamani! Kwa mara ya kwanza katika shule ile kilisemwa kitu ambacho nilikijua kabla hakijasemwa. Niliisoma sala ile kwa sauti yangu yote, shingo nimeinyoosha, nikitazama huku na huku nione nani anaona kwamba mimi ninaijua. Hakuna aliyeniona. Wote walikuwa wanamtazama Tausi.

Tausi alikuwa amesimama kimya. Hakuwa ameinamisha kichwa wala hakukinyanyua. Alikuwa amefunga mdomo tu. Mwalimu Jonasi alishuka ngazi, akaja mpaka kwenye mstari wetu.

"Wewe, mbona hukusema?"

"Siyo sala yetu, mwalimu."

"Hapa shuleni tunafuata utaratibu mmoja. Pita mbele."

Alipita mbele. Sisi sote tuliobaki tuliingia madarasani, yeye akabaki amesimama peke yake kwenye uwanja, mbele ya nguzo ya bendera, mpaka kipindi cha kwanza kikaisha. Kutoka dirishani nilimwona anafuta machozi kwa ncha ya ushungi, haraka haraka, ili asionekane. Nilimhurumia, na ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Lakini chini ya huruma kilikuwepo kile kitu cha siku zote, na safari hii kilikuwa kikali zaidi. Tausi alikuwa na kitu cha kunyamazia. Mimi ningeambiwa niseme sala ya nani nikakataa? Sala yoyote ambayo ningepewa pale ningeisema kwa furaha, ilimradi nisibaki uwanjani.

Asubuhi iliyofuata Mzee Sefu alikuja shuleni. Nilizoea kumwona amechuchumaa chini ya baiskeli iliyopinduliwa, mikono myeusi kwa grisi. Siku hiyo alikuwa amevaa kanzu na kofia, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu. Alimshika Tausi mkono, wakapita katikati ya uwanja mbele ya shule nzima, wakaingia ofisini. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani mkono ule. Baba yangu hakuwahi kukanyaga shule ile tangu siku aliponiandikisha. Hakuwa na sababu. Hakuna aliyekuwa amenikosea.

Haukupita muda nikaitwa. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu aliiogopa, alitaka mtoto aliyekuwa amesimama karibu na Tausi kwenye mstari. Nilikuta wamekaa: Mzee Sefu kwenye ukingo wa kiti, Mwalimu Jonasi karibu na kabati, Tausi amesimama kati yao. Niliwaamkia wote. Mwalimu mkuu akasema, "Usiogope. Eleza ulichoona jana gwarideni. Mwenzako alifanya fujo? Alicheka?"

Tausi alinitazama. Nadhani alijua, kama watoto wanavyojua, kwamba nilikuwa namwonea kijicho tangu mwanzo, na hakuwa na uhakika kitatoka nini mdomoni mwangu. Hata mimi sikuwa na uhakika.

"Hakufanya fujo, mwalimu. Alinyamaza tu. Alisema siyo sala yao."

Mzee Sefu alishusha pumzi. "Mwalimu," akasema, akimtazama mwalimu mkuu lakini maneno akiyapeleka kwa Jonasi, "mimi sikuja kugombana. Mtoto huyu akikosea hesabu, mrudi. Akichelewa, mrudi. Lakini sala yake tuachieni mimi na mama yake."

Mwalimu Jonasi alikuwa ametota jasho. "Mzee wangu, sikukusudia kumdhalilisha. Nilidhani kuomba ni kuomba."

"Kwako wewe ni kuomba," akasema Mzee Sefu bila hasira. "Yeye ulimwambia aseme asichoamini, mbele za watu. Na wewe ungeambiwa?"

Mwalimu mkuu aligonga meza kidogo kwa kidole. "Shule hii ni ya serikali, Mwalimu Jonasi. Serikali haina dini. Wenye dini ni sisi watu, kila mtu na yake. Kuanzia kesho gwarideni kila mmoja ataomba kimya, moyoni mwake. Na wewe utamwomba radhi mzazi, na mtoto pia." Kisha, nadhani ili kulegeza mambo wakati Jonasi anatafuta maneno, akanigeukia akitabasamu. "Na wewe binti, umesema kweli, vizuri. Wewe ni dini gani?"

"Mimi ni Wengine, mwalimu."

Walicheka. Mwalimu mkuu alicheka, Jonasi alicheka kwa nafuu aliyoipata, hata Tausi, macho bado mekundu, alicheka. Nikadhani nimetamka vibaya. Nikarudia kwa sauti zaidi: "Dhehebu la Wengine. Wale wa bustanini." Nikaanza kulia, kilio cha kwikwi, katikati ya ofisi, siku ambayo haikuwa yangu.

Mzee Sefu peke yake hakucheka. "Wa bustanini ndio akina nani?" akauliza.

Nikamweleza. Kwamba Ijumaa wao wanaingia darasa la nne, Wakatoliki darasa la sita, na sisi tunaitwa Wengine na tunang'oa majani. Kicheko kilikatika. Mwalimu mkuu alitazama nje, kwenye ile bustani ambayo wageni wote wa shule waliisifia. Mzee Sefu alinyanyuka, akaniwekea kiganja kichwani, kiganja kigumu kilichonukia sabuni na, chini ya sabuni, grisi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimekuja kwa ajili ya mwanangu, na umenisikiliza. Mtoto huyu naye ana kwao. Wazazi wake wajue."

Jioni baba alipewa habari na mwalimu mkuu mwenyewe, aliyepita nyumbani akielekea kwake. Baba alikuwa mpole, mtu wa kukubaliana na kila ratiba. Alipofunga mlango alikaa, kofia yake ya kazi magotini. "Umewaambia sisi ni wengine?" akaniuliza. Mama alianza kucheka, kisha nikaona siyo kicheko. Akaanza kusema Kinyamwezi, harakaharaka, hakuwa anamwambia baba wala mimi, na neno moja tu nililolishika vizuri lilikuwa *shuleni*.

Mama alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji akasema mwinjilisti wa kupeleka hana, labda mwakani. Mama akauliza kama ni lazima awe mwinjilisti. Mchungaji akasema si lazima, ni lazima tu awe mtu. Kwa hiyo Ijumaa moja, baada ya mapumziko, mwalimu wa zamu alipopaza sauti, nilimwona mama yangu anaingia getini amevaa kanga ya kwaya na viatu vya Jumapili, mkono mmoja umeshika Biblia, mwingine haujui ujiweke wapi. Alikuwa ameishia darasa la saba. Aliwaamkia walimu kama vile yeye ndiye mwanafunzi. Niliona aibu hata nikataka kujificha.

Walitupa darasa la tano. Mama alisimama mbele yetu, akaangalia ubao kama mtu anayeangalia mto kabla ya kuvuka. Hakujua Wasabato wanaruhusiwa nini wala walokole wanakatazwa nini, basi aliwauliza wenyewe. Alimwambia yule kaka Msabato, "Nikisema kitu ambacho kwenu sivyo, ninyooshee mkono. Sitachukia." Alisimulia habari za kondoo aliyepotea, kwa namna ya Usinge, mchungaji akivuka mbuga na pori la hifadhi akiita, mpaka mapacha wakaacha kutikisa miguu. Kisha akatugawa sauti. Mama alikuwa anaongoza sauti ya pili kanisani, na alijua kumfanya mtu yeyote aimbe. Tulipoanza tulikuwa wachache, lakini tuliimba kwa sauti nne kamili, na darasa la nne ng'ambo wakanyamaza kusikiliza.

Nilimwona Tausi dirishani mwao. Tulipotoka alinisubiri, akatembea nami mpaka karibu na geti.

"Yule ni mama yako kweli? Mama mzazi?"

"Ndiyo."

"Maalim wetu ukikosea anakufinya sikio," akasema. Alikuwa anaburuza kandambili mchangani. "Wangu mama hatoki. Nikimwambia njoo shuleni, anasema kuna kazi." Kisha akasema, kwa sauti ambayo niliitambua mara moja kwa kuwa ilikuwa yangu mimi: "Una bahati wewe."

Nilingoja neno hilo tangu siku ya kwanza ya udi. Lilikuwa tamu. Nilitembea nalo mpaka nyumbani, nikalala nalo.

Utamu wenyewe haukudumu. Debora, yule mdogo wa darasa la pili, alikuwa analelewa na bibi yake, maana mama yake mzazi alikuwa amefariki. Ijumaa zilizofuata alikuwa anakaa mbele kabisa, kisha akahamia sakafuni miguuni pa mama, kisha, wakati wa kusimuliwa, kwenye goti lake. Mama alisimulia huku akimsuka nywele kwa vidole bila hata kutazama, vile alivyokuwa ananisuka mimi. Nilikaa dawati la nyuma, binti mkubwa, binti wa mwalimu, nikapoteza kisa chote. Nilikuwa nimepata dini, darasa na mwalimu. Ila mwalimu alikuwa wa watu wote.

Njiani nilimuuliza, "Kwani yule ni mwanao?"

Mama hakupunguza mwendo. "Kipindi kile kimoja, ndiyo," akasema.

Nilidhani nikimaliza shule ataacha. Alikuwa amekwenda pale kwa ajili yangu, nani asiyejua? Lakini nilipokwenda sekondari ya bweni Igunga, kila barua iliyotoka nyumbani ilikuwa na habari za watoto nisiowajua: nani amejifunza kuimba sauti ya tatu, nani ameugua, nani amemwita "mama" kwa bahati mbaya, darasa zima likacheka. Nilizisoma kitandani bwenini, nikazikunja, sikumsomea mtu.

Likizo ya kwanza nilipanda basi la alfajiri bila kuwaambia, niwashtukize. Nilifika adhuhuri, nimebeba begi kichwani kutoka stendi, nikakuta mlango una kufuli. Ilikuwa Ijumaa, na shule ya msingi ilikuwa bado haijafunga. Nikakaa barazani. Vumbi la safari lilikuwa limenikauka midomoni, na nilikuwa na hasira ya mtu anayejua kwamba hana haki ya kukasirika.

Tausi alinikuta pale, amerefuka, ametoka kumpelekea baba yake chakula kwenye banda la baiskeli. Hakuniuliza nimerudi lini. Alikaa, akanisukuma kwa bega, akanipa kipande cha muhogo kilichokuwa kimebaki kwenye bakuli.

"Yuko kwa watoto wake," akasema.

"Najua," nikasema, nikala muhogo, tukamngoja.